Nilivyopeleka Ulaya nyasi za zizini nikidhani nimevumbua kitu

Wakuu, salamu kwenu. Leo najianika mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Mkicheka mna haki.

Ilikuwa miaka ya themanini, Bunia, nchi ikiitwa Zaire. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, nakaa mtaa wa Saio. Kati yangu na diploma ilibaki kazi moja ya utafiti. Ikikataliwa, narudia mwaka.

Kazi yenyewe: kupima mikunde ya porini inavuta nitrojeni kiasi gani kutoka hewani.

Kwa ambao hawakupitia haya mambo: nitrojeni ipo nyepesi na ipo nzito. Ya udongoni huwa na ile nzito zaidi kidogo kuliko ya hewani. Unapima mkunde, unapima na nyasi jirani isiyoweza kuvuta ya hewani, unalinganisha. Mkunde ukiwa mwepesi sana kuliko nyasi, basi umekula hewa sana.

Nikaenda malishoni kwa mfugaji mmoja, Papa Etienne. Nilivaa koti jeupe la maabara. Malishoni, katikati ya ng'ombe! Sikutaka mtu anidhanie mkata majani.

Mikunde niliipata mteremkoni. Nyasi za jirani zilikuwa kavu, zimetafunwa. Na sample zilikuwa zinaenda Ulaya, kwenye mashine ambayo sisi hatukuwa nayo. Nikajiuliza, mgeni anatumiwa kuku mgonjwa?

Nikashuka bondeni, kwenye nyasi nene za kijani kibichi. Nikakata hizo. Papa Etienne alisimama na fimbo yake, ananitazama tu.

Majibu yalichukua miezi. Yalipofika, mikunde yangu ilikuwa inaishi kwa hewa karibu tupu! Nikaanza kutembea kama mwenye gari.

Siku mbili kabla ya kutetea kazi, nikampelekea Papa Etienne sukari na sabuni, nikamsimulia ushindi wangu. Akauliza:

"Majani ulikata pale chini, kwenye iko kijani?"

"Ndiyo, papa."

"Pale ilikuwa kraal ya baba yangu. Ngombe zililala pale miaka mingi."

Hapo ndipo nikaelewa. Samadi ikikaa, nitrojeni nyepesi hupaa na ile harufu, nzito inabaki ardhini. Nyasi zangu zilikuwa nzito kwa mavi ya ng'ombe, ndiyo maana mikunde ilionekana ya miujiza.

"Papa, juu ya nini haukuniambia?"

"Weye ulivala koti ya docteur. Nikasema, huyu anajua."

Nilitamani kunyamaza. Nani kwenye jury, wale walimu wa kunipima, angelijua zizi la marehemu baba yake? Lakini Papa Etienne alikuwa ameahidi kuja kunisikiliza, nikaona aibu kudanganya mbele yake.

Nikasimama nikaeleza zizi. Jury walicheka hadi mmoja akavua miwani afute machozi. Kisha wakanirudisha mwaka. Iliniuma sana.

Mwaka uliofuata nilikata zile nyasi mbaya za mteremkoni, Papa Etienne akitangulia kunionyesha kila mahali ng'ombe walipowahi kulala. Mikunde ikaonekana inavuta kama nusu tu. Ya kawaida kabisa.

Jury wakauliza, nyasi ulizichaguaje?

"Nilimuuliza mwenye ng'ombe."

Nikapita. Koti nilimwachia Papa Etienne. Alichungia nalo, na kwa kweli lilimkaa vizuri kuliko mimi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nililipia mwaka mzima kuwaelewa. Nani mwingine hapa ameumbuliwa na elimu yake mwenyewe? Semeni, nisichekwe peke yangu.