Nyekundu Ilikuwa na Mkato Mmoja

Enzi zetu pale Katuba, mimi nilikuwa mtoto pekee wa mtaa aliyekula maembe mabichi msimu mzima, na watu wakaamini nayapenda. Wenzangu walitupa jicho juu, wakaliona lililoiva, wakalichuma. Mimi nilitazama juu nikaona mti, basi. Nilichuma lililokuwa karibu na mkono, nikang'ata, meno yakaingia ganzi, nikameza hivyo hivyo ili nisichekwe. Aliyeniokoa alikuwa dada yangu mkubwa, Mujinga, jina la Kiluba lisilohusiana na ujinga. Alikuwa akiliminya embe kwa kidole gumba, ananikabidhi, halafu ananipokonya lile nililoshika. "Kula hii," anasema. "Ile tupa. Iko mubichi sana."

Wa rika langu mnakumbuka Lubumbashi ile. Baba aliondoka kabla hatujaamka kwenda kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, na upepo ukigeuka tuliusikia moshi wa kiwanda ukiwasha kooni mpaka mama anafunga madirisha. Unga ulitoka kazini kwa baba, magunia kwa magunia, na bukari ya mama, yaani ugali, ilikuwa inasimama kwenye sahani kama kilima. Tulikunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kwenye vikombe vya bati. Tulitengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, tukayaendesha barabarani tukitoa mlio wa injini kwa midomo. Watoto wa leo wakitaka gari wanabonyeza kitufe, na gari likigonga ukuta hakuna anayekwaruzika goti.

Mpira tulicheza uwanjani nyuma ya soko. Kila timu ilijifunga vipande vya kitenge mkononi, hawa vyekundu, wale vya kijani, au "rangi ya majani" kama tulivyosema. Hapo ndipo sifa yangu ilipoharibika kabisa. Nilikuwa na mbio, nilikuwa na chenga, lakini nikiupata mpira nilimpasia adui. Wenzangu walisema nimenunuliwa kwa karanga. Sikujua nijitetee vipi. Kwa akili yangu ya kitoto, nilidhani majina ya rangi ni kitu cha kukariri, kama hesabu za kuzidisha, na kwamba wenzangu wanayakariri vizuri kuliko mimi. Kwamba wao wanaona kitu ambacho mimi sikioni, wazo hilo halikunijia hata siku moja.

Lilinijia siku ya bendera.

Mvua zilikuwa zimeanza, na sikukuu ya taifa ya Novemba ilikuwa inakaribia. Wakati huo chama kilikuwa kimoja, na kila asubuhi shuleni tuliimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kuingia darasani. Mwalimu wetu aliitwa Ngalula, binti wa wafanyabiashara waliotoka Kasai, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alitugawia karatasi na penseli za rangi, akatuambia tuchore bendera ya nchi ili zibandikwe ukutani. Uwanja wa kijani, duara la njano, mkono umeshika mwenge, na mwali mwekundu. Nilichora mkono vizuri mpaka mwalimu akanisifu. Kisha nikapaka rangi kwa bidii, ulimi nje. Nilipoinua karatasi yangu, darasa zima liliikodolea macho. Nilikuwa nimepaka uwanja wote rangi ya damu, na mwali nimeupaka rangi ya majani.

Ninyi mlioishi wakati ule hamhitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme tu kwamba bendera haikuwa mchezo. Mtoto mmoja alitoka mbio, na kabla mwalimu hajaifunika karatasi, mkuu wa shule alikuwa mlangoni. Tulimwita sitwayen direkta, kwa kuwa enzi hizo kila mtu mzima aliitwa sitwayen, yaani raia. Aliichukua karatasi, akanichukua na mimi.

Baba aliitwa kutoka kazini. Aliingia ofisini na viatu vyake vya kiwandani, kofia ngumu mkononi, uso umejaa vumbi. Karatasi yangu ilikuwa juu ya meza.

"Nani alikufundisha kugeuza bendera ya inchi?" direkta aliniuliza.

"Hakuna muntu," nikasema.

"Sitwayen direkta, huyu ni mutoto tu," baba akasema.

"Mutoto anachora bile anasikia ku nyumba."

Kofia ya baba ilikuwa inazunguka mikononi mwake. Sikuelewa maneno yale yalikuwa na uzito gani, ila nilielewa kwamba baba yangu anaogopa, na sikuwahi kumwona akiogopa. Nikaanza kulia.

Ndipo mwalimu Ngalula akaingia bila kuitwa, kisanduku cha penseli mkononi. Aliomba ruhusa, akazimwaga mezani, akachuchumaa mbele yangu. "Nipe ile ya rangi ya damu," akasema. Nikampa moja. Akairudisha, akazichanganya zote, akaniomba tena ile ile. Nikampa nyingine.

"Anacheza na sisi," direkta akasema.

"Hachezi!" Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Mujinga, ametoroka darasani kwake, kitambaa cha kichwa kimelegea. "Haone, sitwayen direkta. Kila siku mi njo namuambia. Maembe mi njo namuchagulia. Hata ku mupira minamupigia makelele: pasia huyu, acha yule. Muulizeni mama."

Direkta alimtazama Mujinga, akanitazama mimi. Kisha akanishika bega, akanipeleka dirishani. Nje ya ukuta wa shule palikuwa na mti wa flambwayan, ile miti ambayo mvua zikianza mji mzima unaisifia kwa wekundu wa maua yake.

"Ule muti," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu mwingine, "uko na maua?"

Nilitazama kwa nguvu zangu zote. Nilitaka sana kumpa jibu sahihi. "Sijue," nikasema.

Mkono wake ulibaki begani kwangu. "Mutoto haone maua," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Akarudi mezani, akaichana bendera yangu vipande vidogo vidogo, akavitia mfukoni mwa koti lake. Akamwambia baba, "Karatasi, sikuiona. Rudi ku kazi." Mtu yule angeweza kutumaliza kwa neno moja, na neno lile hakulisema. Nimemwombea mpaka leo.

Baba hakurudi kazini moja kwa moja. Alitusindikiza nyumbani, Mujinga upande mmoja, mimi upande mwingine. Baba alikuwa fundi wa chumba cha taa kiwandani. Alikaa mbele ya ubao mkubwa wenye taa nyekundu na za kijani, na kwa taa hizo alijua tanuri liko salama au liko hatarini. Tangu nilipozaliwa alikuwa akiwaambia marafiki zake kwamba kiti kile kitakuwa changu. Tulipofika uani aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akanivuta katikati ya magoti yake.

"Kule ku kazi, taa ya damu njo ya kusimamisha," akasema. "Ukikosa kuiona, bantu banaungua. Unasikia?"

"Ndiyo, baba."

"Basi utasoma kazi ingine." Akanipangusa machozi kwa kiganja chenye vumbi, akanichafua uso mzima. "Iko kazi mingi mu dunia." Alijaribu kutabasamu. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba kuna kitu amekiweka chini na hatakiokota tena.

Mama hakuwa mtu wa kukaa na huzuni. Jioni ile alichukua wembe na penseli zangu, akamwita Mujinga amtajie rangi. Nyekundu aliikata mkato mmoja karibu na kichwa. Kijani mikato miwili. Ya udongo, ambayo nayo ilinisumbua, akaizungushia mkato kama pete. Njano na bluu hazikuhitaji alama, hizo naziona kama watu wote. "Sasa shika na kidole," akasema. "Macho iache ipumzike." Siku iliyofuata mwalimu Ngalula alizigusa, akatabasamu, akaomba wembe, akazikata na penseli za darasa zima. Na kule uwanjani Mujinga aliwaamuru wavulana kwamba kuanzia leo timu moja inafunga kitambaa mkononi, na nyingine kichwani. Walinung'unika, lakini nani angebishana na Mujinga? Msimu ule nilifunga mabao, na habari ya karanga ikaisha.

Nilisoma kazi nyingine, kama baba alivyosema. Nilipokuwa kijana, ofisi moja ya katikati ya mji ilileta kompyuta na kutafuta vijana wa kufundishwa kuzitumia. Nilikwenda moyo ukinidunda, nikiwaza ubao wa taa za baba. Walipoiwasha mashine, nikaona kioo cheusi chenye herufi zinazong'aa, zote za rangi moja. Nikamuuliza kijana aliyeketi karibu nami, yeye anaona rangi ngapi. Akanishangaa. "Moja," akasema. Sijui niwaeleze vipi furaha ile. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa natazama kitu kile kile ambacho watu wote wanakitazama.

Baba alikuja kuniona kazini, amevaa abakosi yake ya sikukuu, ile suti isiyovaliwa na tai. Alisimama nyuma ya kiti changu, akakiinamia kioo.

"Ni rangi gani, hii?"

"Banasema ni ya majani, baba."

"Na ya damu, iko wapi?"

"Haiko. Ni moja tu."

Aliweka mkono juu ya kichwa changu, mimi mtu mzima, mbele ya wakubwa wangu wa kazi. "Basi iko muzuri," akasema. "Iko muzuri sana."

Baadaye kompyuta zikapata rangi, na mimi nikarudi kuuliza watu. Nikafanya kazi ya kuandika programu mpaka mvi zikaniota, na sasa ninafanya kazi na vijana ambao wangeweza kuwa wajukuu zangu. Mmoja wao, Kalenga, ndiye anayepanga sura ya programu zetu: vitufe vikae wapi, maandishi yawe na rangi gani. Ni kijana mwema, ila kwa rangi ni kama bibi harusi. Anaweza kumaliza asubuhi nzima akichagua kati ya bluu na bluu, kisha anakuja kuniuliza mimi, mimi jamani, ipi ina mvuto zaidi.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya hospitali. Kalenga aliweka kidoti pembeni ya jina la kila mgonjwa: chekundu kwa anayetakiwa kuonwa haraka, cha kijani kwa anayeweza kungoja. Akaniomba niijaribu. Mgonjwa wa kwanza niliyemruhusu angoje alikuwa mahututi.

"Papa, lakini hii inaonekana wazi!" Kalenga akasema, akicheka.

Niliiweka skrini yake rangi ya kijivu tupu, nikamrudishia. "Sasa nioneshe anayekufa."

Alitafuta. Kicheko kikamwisha polepole. Nilimsimulia habari ya wembe wa mama, naye akafanya kazi mpaka walinzi wakamfukuza. Kesho yake mgonjwa wa haraka alikuwa na pembetatu na neno "HARAKA". Wa kungoja alikuwa na duara. Rangi zikabaki, nzuri kama zilivyokuwa, ila hazikuachiwa kazi peke yazo. Tulipoipeleka hospitalini, muuguzi mmoja wa kiume alinivuta kando, akatazama nyuma kuona kama kuna anayesikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake, nadhani, yalikuwa kama yangu. Sikumuuliza.

Mujinga aliolewa Kasenga, kwa mfanyabiashara wa samaki, na mjukuu wake mmoja amezaliwa na macho kama yangu. Kijana huyo alikuja kunitembelea likizo iliyopita. Yeye hana shida: ana simu, anaielekeza kwenye kitu, simu inamtajia rangi. Alikuwa akizunguka sebuleni akiuliza simu habari za mapazia na matakia, mara akaielekeza kwangu. Akasoma. Akasoma tena.

"Babu," akasema, "shati yako iko roze."

Roze, yaani pinki, rangi ya waridi! Shati lile nililinunua nikijua ni la kijivu, la heshima. Nimelivaa kanisani Jumapili kwa Jumapili, nimelivaa kwenye mazishi, nimesimama nalo mbele ya watu nikasoma somo. Nilimpigia Mujinga pale pale. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mumewe akachukua simu kuuliza kuna nini.

"Na bantu bote ba kanisa," akasema alipopata pumzi, "banakuangalia tu vile? Hakuna hata mumoja anasema?"

Hakuna hata mmoja. Watu wa leo wana adabu, kila mmoja ana simu yake ya kutazama, na shati la mwenzako si shauri lako. Naishukuru simu ya kijana, kweli naishukuru. Lakini enzi zetu, Katuba ile, kwa shati lile nisingefika hata kona ya kwanza bila kuchekwa.