Kompyuta Iliyowaka Kabla Mkuu Hajakaa

Mwalimu Pudensiana alikuja kwetu kutoka Muleba miaka tisa iliyopita, na barua ya ajira, godoro moja na mche wa mgomba alioufunga kwenye gazeti. Mgomba ulishika wiki hiyo hiyo. Yeye mwenyewe alichukua muda zaidi, kwa sababu alikuwa anasalimia kwa upole mno, na huku Nyarero mtu akikusalimia kwa sauti ndogo unadhani kuna msiba.

Tunamwita Madam Puden. Anafundisha Jiografia, na ndiye mwalimu wa taaluma, maana yake matokeo yote ya mitihani ya shule hupita mikononi mwake. Matokeo hayo yanakaa kwenye kompyuta moja ya mezani, pembeni mwa ofisi ya walimu, chini ya kitambaa cha kufuma.

Kompyuta hiyo ilikuwa inachukua dakika arobaini kuwaka. Siongezi chumvi, mimi nafundisha Kiswahili, chumvi naijua. Madam Puden alikuwa akifika asubuhi anabonyeza kitufe, anakwenda paredi, anaingia Kidato cha Pili kuwaandikia mito ya Afrika ubaoni, na akirudi anakuta kale kaduara bado kanazunguka. Akifungua faili la alama, alikuwa na muda wa kunywa chai. Akilihifadhi, alikuwa na muda wa kuosha kikombe.

Mwaka huu matokeo ya mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne yalitakiwa yafike wilayani Ijumaa saa sita mchana. Wiki moja kabla, kompyuta iliganda mara tatu kabla Madam hajawamaliza akina Chacha, na kwetu akina Chacha peke yao ni ukurasa mzima. Akavua miwani. Akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mimi na hii, mmoja wetu anatoka ofisi hii."

Jumamosi akaenda mjini, kata ya Turwa, kwa fundi mmoja anayeitwa Ng'washi. Huyu ni Msukuma wa Maswa aliyekuja na mumewe kufuata dhahabu ya Nyamongo. Mume aliendelea kuchimba mawe. Ng'washi akaanza kuchimbua simu zilizoanguka kwenye maji na kompyuta zilizokata roho, na hadi leo husema kati yao wawili yeye ndiye aliyekuta kitu.

"Huyo mgonjwa wako hana neno," alisema Ng'washi baada ya kusikiliza. Kwake mashine zote ni watu: huyu anapumua, yule amezimia. "Ni diski yake tu. Ile ya zamani ina sahani inazunguka ndani, na sindano inahangaika juu yake kama mzee anayetafuta miwani. Muwekee esesidi, diski ya kisasa. Haina kinachozunguka. Wewe hujamaliza kuuliza, yenyewe imeshajibu."

Akaweka mezani kitu chembamba, kidogo kuliko pakiti ya biskuti.

"Mlete nimfanyie mwenyewe."

"Mkuu hatakubali itoke shuleni. Ni mali ya serikali."

"Basi utamfanyia wewe."

"Dada, mimi ni mwalimu wa Jiografia."

"Si unafundisha volkano? Umewahi kuingia ndani ya volkano?"

Madam Puden akaomba bisibisi. Alasiri nzima akakaa kwenye kigoda dukani pale, akifundishwa kushika bisibisi, kuchomeka waya wa taarifa na waya wa umeme, na kunakili kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Jioni ilipokaribia, Ng'washi akamkabidhi ile diski na kumwazima sipiyu iliyokufa, lile kasha lenyewe bila skrini, akajizoeze nyumbani kuifungua na kuifunga. Kwa sababu ya vumbi la barabara wakaifunika kwa kitenge. Madam akaipakata kifuani, akapanda bodaboda.

Kwenye njia panda dereva alisimama kuongeza mafuta. Mama mmoja mzee aliyekuwa anauza ndizi akasogea.

"Shikamoo mama," alisema Madam Puden.

"Marahaba mwanangu. Mtoto amelala?"

Kichwani mwa Madam kulikuwa na skrubu tu, na masikioni bado alikuwa anamsikia Ng'washi. "Hapana mama, huyu alishakufa. Tangu mwaka juzi. Nampeleka nyumbani nikamfungue nione vya ndani."

Mama akapiga yowe. Na yowe la huku si la mchezo. Likipigwa watu hawaulizi, wanakuja kwanza. Wakaja waliokuwa kisimani, wakaja waliokuwa kwenye mashine ya kusaga wakiwa weupe kwa unga. Dereva wa bodaboda alikwisha kuhama upande, amesimama katikati ya umati na kukunja mikono, anamtazama abiria wake kama hajawahi kumwona duniani.

Madam Puden, ambaye hajawahi kupaza sauti hata kwa Kidato cha Tatu, alipaza siku hiyo. "Ni kompyuta! Jamani, ni kompyuta!" Akafunua kitenge. Feni ikaonekana, na nyaya. Watu wakaitazama. Yule mama akainyooshea kidole, akaigusa, akaguna.

"Sasa kompyuta unaibembeleza ya nini?"

"Nilikuwa naizuia isianguke, mama."

"Haya. Nunua ndizi basi, umenishtua."

Akanunua ndizi.

Jumatatu kikaitishwa kikao cha walimu, kwa sababu mkuu wetu wa shule, Mwalimu Mogesi, hafungui hata dirisha bila kikao. Ajenda ilikuwa moja: kuongeza diski. Wa kwanza kupinga alikuwa Heche, mwalimu wa Fizikia, mtu mwenye mabega mapana na maoni mapana zaidi.

"Kompyuta haifunguliwi na mtu asiye na cheti," alisema.

"Wewe unacho?" nikamuuliza.

"Mimi naongea kikanuni."

Mwalimu wa Historia akanyoosha mkono kuuliza kama kumbukumbu ikiongezwa, kompyuta itakumbuka na yale ambayo watu walishayafuta. Walimu wawili walitazama sakafu. Madam Puden akaeleza kwamba hapana, na hewa ikarudi.

Mkuu akainua kiganja. "Mura Heche, kijana wangu, kaa chini. Madam atafungua. Lakini afungue mbele yetu sote, na mimi nitakuwa na neno la uzinduzi."

Jumatano baada ya vipindi tukakusanyika. Mkuu alikuwa amevaa koti. Madam Puden alizima umeme ukutani, akagusa chuma cha kasha kama alivyoelekezwa, akafungua skrubu mbili za nyuma na kuvuta ubavu wa sipiyu. Mjusi akaruka kutoka ndani, akatua kwenye tai ya Mkuu, akapanda hadi begani na kutokomea darini. Mkuu hakutikisika. Ila neno alilolisema lilikuwa la Kikurya, na sitalitafsiri.

Ndani kulikuwa na vumbi la kupanda mchicha. Madam akalisafisha kwa brashi ya rangi, akaitazama ile diski mpya, akatazama nafasi. Alikuwa ameifungua na kuifunga ile ya mazoezi mara kumi na nne, na ya kumi na tano ilikwenda. Akaikaza diski kwenye kifremu chake, waya wa taarifa, waya wa umeme, klik, klik. Diski ya zamani akaiacha palepale itunze mafaili. Akawasha. Tukasubiri dakika zetu arobaini. Akaanza kunakili.

Kunakili kulichukua saa tatu. Madam alikataza birika la umeme lisiwashwe, fyuzi isije ikaruka. Kwa hiyo walimu kumi na moja tulikaa saa tatu bila chai, tukiangalia mstari wa kijani unavyojaa, na baadhi yetu tukaanza kujutia kikao kile. Mkuu alivua koti, akalivaa, akalivua tena.

Mstari ukajaa. Madam akazima, akawasha upya. Mkuu akakohoa tayari kwa neno lake.

Kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka. Dakika kumi zikapita, kakaendelea.

"Nilisema," alisema Heche. Hakuna anayeweza kusema neno hilo taratibu kama Heche.

Niliuona uso wa Madam Puden ukibadilika, na nikamhurumia kweli. Alitoka nje na simu. Tulimsikia kupitia dirisha.

"Dada Ng'washi, nimeiua."

Ng'washi alikuwa na sauti ya kusikika hata bila spika. "Ulimwambia aanzie wapi?"

"Nani?"

"Mgonjwa! Yeye hajui kama umemletea kitanda kipya. Bado anaamkia kwenye kile cha zamani. Mzime, mwashe, bonyeza kile kitufe nilichokuonyesha kabla hajaamka vizuri, umpangie esesidi iwe ya kwanza."

Madam akarudi ndani bila kumtazama mtu. Akazima, akawasha, akabonyeza, akapanga, akahifadhi. Kompyuta ikazima yenyewe na kuanza upya. Mkuu, aliyekuwa amesimama tangu alipokohoa, akaona ni vyema asubirie kwenye kiti. Akavuta kiti, akakipangusa, akakunja magoti.

"Imewaka," alisema Madam Puden.

Mkuu akabaki nusu ya njia kati ya kusimama na kukaa. "Imewaka nini?"

"Imewaka yote, Mkuu."

"Mimi sijaona. Rudia."

Tukarudia mara nne. Mkuu alihesabu kwa sauti kila mara, na hakuwahi kufika ishirini. Neno la uzinduzi hajalisema hadi leo. Alidai hakupewa nafasi. Birika likawashwa.

Matokeo yalifika wilayani Alhamisi, siku nzima kabla ya wakati, na tukapigiwa simu kuulizwa kama kuna tatizo. Si kila mtu alifurahi. Zamani mwalimu akiulizwa alama zake alikuwa anajibu kwamba kompyuta inawaka, na jibu hilo lilikuwa linamtosha hadi mchana. Kwenye kikao kilichofuata mmoja wetu alilalamika, na iliandikwa kwenye muhtasari, kwamba kompyuta ya shule sasa ina haraka isiyo ya lazima.

Habari zikatembea. Mwezi uliofuata walimu wa taaluma wa shule nyingine, hadi wa kutoka Gorong'a, walianza kumpigia Madam Puden. Jumamosi anaonekana barabarani na bisibisi zake kwenye mkoba wa Biblia. Anasalimia kwa sauti kubwa siku hizi.

Juzi Heche alimfuata mezani wakati ofisi haina watu, bila kujua kwamba nimo nyuma ya kabati.

"Madam," alinong'ona, "kuna rafiki yangu ana kompyuta inachelewa sana kuwaka. Anaogopa kuifungua mwenyewe."

Madam Puden aliendelea kusahihisha daftari.

"Mwambie rafiki yako aje nayo Jumamosi," alisema. "Na aje na cheti."