Kigelegele Changu na Mbuzi ya Wakwe

Ndugu yangu mdogo ana umri wa kuitwa babu, na wako wanaomwita hivyo, lakini mpira ikianza anarudi kuwa mtoto wa kunyonya. Yeye anaishi Kakuma. Mimi niko Lodwar, huku Kanamkemer, na kila Jumamosi alikuwa ananipigia simu kulia. Sio kulia njaa. Kulia refa. Nikiweka simu kwa sikio naikuta ile sauti yake nyembamba, kama ya mtu amebanwa vidole na mlango: "Dada, wametuibia tena."

Mara ya kwanza nilisimama kutafuta viatu. Kwetu mtu akisema wametuibia, unauliza wameenda na ngapi na wameshika njia gani. Yeye akasema hapana, ni goli. Imechukuliwa na kamera.

Akanieleza. Kuna watu wamejifungia kwa chumba huko mbali, hakuna jua, hakuna vumbi, wana TV mingi kama duka. Kazi yao inaitwa VAR. Goli ikiingia, refa anashika sikio kama mtu ameingiliwa na mdudu, anaambiwa ngoja. Uwanja mzima unangoja. Halafu anachora sanduku kwa hewa na vidole viwili, na goli imekufa. Nikamwambia hiyo mbona ni ya zamani, ni wazee wetu na matumbo ya mbuzi. Mnyama akichinjwa wanatandaza matumbo, wanainama. Huyu anaona mvua, huyu anaona maadui, huyu anaona wageni wanakuja, na matumbo ni ile ile moja. Sisi wanawake tuko kando na sufuria, nyama inapoa. Yeye akakasirika, akasema mimi sijui mpira. Kweli sikuwa najua. Nilikuja kujua siku moja, na afadhali singejua.

Mwaka huo binti yangu wa mwisho alipata mtu. Watu wa huyo kijana ni wa upande wa Kaaleng, na baba yake ni mzee mzito, anatoa neno moja, anaiangalia kama imefika salama, ndio anatoa ingine. Huyo mzee ana jambo yake moja. Mgeni lazima aonyeshwe mbuzi ikiwa hai. Anaishika mgongo, anaipima mafuta na vidole, anasema sawa, ndio kisu itoke. Ilisemwa kwamba alipoenda kuposea kijana wake mkubwa, alikuta nyama tayari iko kwa moto. Hakugomba. Alichukua kiti yake ndogo na fimbo akarudi kwake, na ile ndoa ikaisha hapo. Aliulizwa kwa nini. Alisema: nimeletewa nyama, nitajuaje ilikufa kwa ajili ya nani?

Binti yangu alijua hiyo hadithi. Aliniambia polepole, hata hakuniangalia: "Mama, huyu nampenda. Msiniharibie."

Baba yao alishatuacha, kwa hivyo ndugu yangu ndiye alikuwa asimame kama baba. Tukapanga wageni waje kwake Kakuma, Jumapili baada ya kanisa. Mbuzi ilikuwa huko. Kiangazi ilikuwa imetubakishia moja tu ya kuonyesha mtu, beberu mweupe aliyehasiwa, sikio moja nyeusi, amenenepa mpaka anatembea na kiburi. Hao wengine ungeonyesha mkwe angefikiri unamtania.

Jumamosi mchana nikafika Kakuma. Nikakuta binti, aliyekuwa ametangulia, anafagia boma mara ya tatu. Mjomba yake hayuko. Mbuzi hayuko. Mjomba ameenda asubuhi kumchukua kwa mchungaji, binti akasema. Nikatazama jua. Mchungaji yuko karibu, hata mimi na magoti yangu ningekuwa nimerudi. Sikuuliza zaidi. Nilienda moja kwa moja kwa banda ya mpira.

Banda ni ya Mkongomani mmoja mpole, mtu wa shati la maua, anaongea kama anabembeleza mtoto alale. Nje, kwa nguzo, beberu yetu amefungwa anatafuna karatasi ya boksi. Ndani ni joto la watu na mabati. Ndugu yangu hakuwa kwa benchi. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwa TV, uso kwa mbuzi, jasho inamwagika.

Nilikuwa nimekuja kumvuta sikio. Kabla nimfikie, kijana mmoja wa timu ya bluu, wale wa kuongea Sheng, akaniita shosho, yaani bibi, akanipatia habari yote akicheka. Ndugu yangu ni wa timu nyekundu. Timu nyekundu ilikuwa haijashinda tangu mvua. Vijana wa bluu walikuwa wamemchoma na maneno nusu ya kwanza yote, mpaka akasimama mbele ya watu akaapa: nyekundu ikifunga leo, hii mbuzi yangu naichinja hapa nje, mle wote, mnyamaze.

Nikamwendea. Nikamwambia hiyo mbuzi ni ya nani?

"Haitaingia, dada," akasema. "Hii timu naijua. Haifungi."

"Sasa twende nyumbani."

"Nikiondoka watasema nimekimbia neno langu. Imebaki dakika kidogo. Lakini mimi siwezi kuangalia, moyo itapasuka. Wewe angalia. Ikiingia, piga kigelegele."

Mpaka leo sijui alikuwa anaomba iingie ama isiingie. Nafikiri hata Mungu alichanganyikiwa.

Nikakaa. Nilisema dakika mbili tu, nimchunge. Lakini mpira ni kitu mbaya. Ukikaa karibu na watu wanaumia, na wewe unaanza kuumia, hujui hata unaumia wapi. Wale wa nyekundu walikuwa wachache, wameinama kama watu wa matanga. Nikawaonea huruma. Halafu kijana mmoja mwembamba wa nyekundu akatoroka huko pembeni, akawaacha watu wa bluu wameanguka, akapiga, nyavu ikajaa.

Mdomo yangu ilisahau mbuzi ni ya nani. Nilipiga kigelegele ambayo sijapiga tangu nizae huyo binti. Benchi zikaanguka. Mtu nisiyemjua alinibeba.

Aliponiweka chini, Mkongomani alikuwa amenishika mkono, na ile sauti yake ya kubembeleza: "Mama, ngojeya kwanza. Beko banaangalia."

Wanaangalia kweli: kwa TV refa ameshika sikio.

Wale wa chumbani wakaanza kazi. Wakaleta ile picha, kijana amesimamishwa katikati ya kukimbia, mguu hewani. Wakachora mstari nyekundu. Wakachora mstari bluu. Wakaisogeza kidogo, wakairudisha. Fundi wa nguo hapimi hivyo. Nikauliza wanatafuta nini, nikaambiwa kwapa. Kwapa ya huyu imetangulia bega ya yule. Mimi nikaona watu wawili wanakimbia jua kali, kila mtu na kwapa yake. Refa bado ameshika sikio.

Nikatoka mbio nikipiga kelele angoje, bado wanaangalia.

Ndugu yangu aliinua kichwa. Mikono ilikuwa nyekundu mpaka hapa kwa kiwiko. Kwa kuchinja ana haraka, hiyo sifa nampa.

"Wanaangalia nini?"

"Kwapa."

Akafikiria. "Kwani amefunga na kwapa?"

Beberu akarusha mguu mara ya mwisho. Yule kijana wa bluu alikuwa ametoka nyuma yangu, akaangalia mbuzi, akaangalia kisu, akasema taratibu kabisa: "Mzae, rudisha mbuzi. Goli imekataliwa."

Hapo wote walicheka, hata wa nyekundu, na mimi pia nilianza kucheka, halafu nikakumbuka binti yangu na ufagio.

Tulipeleka nyama nyumbani kwa mkokoteni, hakuna mtu alionja. Binti akaangalia lile sikio nyeusi limening'inia. Ningependa alie ama anitukane. Aliweka ufagio chini akaingia ndani.

Ndugu yangu akaanza kutunga. Tuseme ni fisi. Nikamwambia fisi gani ya Kakuma ina kisu. Tuseme mbuzi aliugua. Nikamwambia ukimpa mkwe mbuzi mgonjwa si afadhali hata umfukuze. Basi nikachukua simu. Wageni walikuwa wameshafika Kakuma, wanalala kwa ndugu zao ng'ambo ya laga, ule mto mkavu.

"Ejok, mzee," nikamsalimia.

"Ejok."

"Mbuzi yako imekufa."

"Imekufa," akasema, "ama imeuliwa?"

"Imeuliwa."

"Nakuja."

Alikuja jua ikiwa bado juu, na ndugu yake mmoja na yule kijana mchumba, uso wa kijana kama majivu. Mzee akaweka kiti yake chini lakini hakuikalia. Hiyo niliiona. Ndugu yangu akasimama mbele yake akasema yote, kiapo, vijana wa bluu, goli, kwapa. Hakuficha kitu, isipokuwa moja. Hakunitaja. Alisema tu: "Nilisikia watu wanashangilia."

Mzee akauliza kama hiyo goli inaweza kuonekana. Mchumba akatoa simu, akamwonyesha. Mzee akaangalia mara moja, hakutaka kurudiwa. "Huyu amefunga," akasema. "Mimi sijaona kwapa." Ndugu yangu akaanza kutabasamu. "Lakini wenye kazi yao wamekataa. Sasa hii nyama ilikuwa ya goli, na goli hakuna. Niambieni ni nyama ya nani?"

Nyuma ya mlango niliona miguu ya binti yangu.

Mzee akaomba matumbo. Wakatandaza. Akainama, ndugu yake akainama, ndugu yangu akainama pia kwa sababu ni mzee kama wao, ingawa siku hiyo hakuwa na haki ya kuona chochote. Mmoja akanyoosha kidole hapa, mwingine akasema hapana, hapo. Wakavuta kidogo, wakarudisha. Nikawaangalia nikaona ni wale wale wa chumbani, wamekosa TV tu. Na mimi niko nje na wale wengine, tunangoja kuambiwa kama tulifurahi bure.

Nikachoka. Nikaingia katikati ya wanaume, mahali mwanamke hakai, nikasema: "Mzee, kisu ilikuwa ya ndugu yangu. Kigelegele ilikuwa yangu. Hakuona goli. Alisikia mimi."

Ndugu yangu akaangalia chini. Mzee hakuinuka, aligeuza tu shingo.

"Ulipiga kabla refa amalize?"

"Kabla."

"Na ulijua mbuzi ni ya nani?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulipiga?"

Nikasema: "Ilikuwa nzuri, mzee. Ilikuwa nzuri sana ile goli."

Aliniangalia kama ananipima mafuta. Halafu akasimama, na mbele ya wote, taratibu, na vidole vyake viwili vigumu, akachora sanduku hewani. Kumbe hata Kaaleng wanaangalia.

"Nafuta sababu," akasema. "Mbuzi inabaki. Kuanzia sasa ilichinjwa kwa ajili ya msichana." Akakalia kiti yake. "Lakini siku ya mahari nataka yangu. Hai. Na huyu asimame mbali na kisu."

Tulikula. Ndani ya nyumba nilisikia binti yangu anacheka na mkono kwa mdomo, ile ya kulia na kucheka pamoja.

Siku hizi ndugu yangu timu yake ikifunga hasogei. Anakalia mikono yake miwili, watu wanaruka wanamwagika juu yake, yeye macho kwa refa. Vijana wa bluu wanamwita kutoka benchi ya nyuma: "Mzae, chinja basi." Ananipigia simu bado, analia vile vile. Anasema wameharibu mpira, sasa goli unaifurahia ikiwa imepoa kama ugali ya jana. Kwa hilo simcheki.

Na siku ya mahari ilifika. Mzee alionyeshwa mbuzi, akaishika mgongo, akasema sawa. Wanaume waliongea mpaka kivuli kikahama mara mbili. Mwishoni mzee akasema neno lake moja, ndiyo, na wanawake wote wakageuka kwangu, mama ya msichana, nianzishe kigelegele.

Sikupiga. Nilimwangalia yeye. "Mzee," nikasema, "umemaliza kuangalia?"

Yule mtu akaweka kidole kwa sikio. Nakuapia. Akaweka kidole kwa sikio kama refa, akainamisha kichwa kama anasikiliza watu wa mbali, na akakaa hivyo, na akakaa, binti yangu amekunja kanga yote kwa ngumi. Halafu akatoa kidole, akanyoosha mkono kuonyesha katikati ya boma, kama ni ile katikati ya uwanja, pale mpira unarudishwa goli ikikubaliwa.

Hapo nilipiga.