Viraka Vyangu Kwenye Matete

Ulikuwa mwaka ule mvua ilipogoma, tukala michembe asubuhi na jioni mpaka watoto wakachukia harufu ya viazi vikavu. Mjukuu wangu aliagizwa shuleni akusanye majani ya porini, nikatembea naye ufukweni mwa ziwa kule Ilemela, maana majani nayajua kuliko mwalimu wake.

Nyuma ya mawe, ndani ya matete, tulikuta magunia yamerundikwa. Moja lilikuwa limepasuka, sindano za hospitali na bandeji zenye damu zinaelea. Hatua chache kutoka pale wanawake walikuwa wanachota maji.

"Bibi, haya si magunia yetu ya michembe?"

Yalikuwa yetu. Viraka vile vya uzi mwekundu ni mikono yangu, na mtaa mzima unavijua, kwa sababu nimejisifia sana. Magunia yakiisha michembe nilikuwa nampa mwanangu, dereva wa gari la taka za hospitali.

Nilipomuuliza, alipiga magoti jikoni. "Kule dampo ni mbali, mama. Mwenyekiti wa mtaa ameshayaona, anakuja. Mwambie yaliibiwa."

"Sisemi uongo kwa ajili ya uchafu."

"Nikifungwa mtakula nini?"

Niligeuka nitoke, lakini jiko letu lina mlango mmoja tu. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Yale magunia yako, nadhani waliyaiba, eh?"

Mwanangu alinishika gauni. Mjukuu alikuwa ananitazama mdomo.

"Sisemi uongo kwa ajili ya uchafu."