Tundu la Kofia ya Mjomba

Siku tulipoanua matanga ya mjomba wangu pale Mpapura, nguo zake waligawiwa wapwa, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nikapewa kofia yake ya kushona kwa mkono, yenye uzi wa kijani. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akapewa koti. Alinuna mpaka pilau yake ikapoa. Kofia ya marehemu kwetu haiazimwi. Aliyepewa ndiye mwenyewe mpaka naye afe. Kila mtu analijua hilo, na ndilo lililoniponza.

Maana Ijumaa moja niliivua nitawadhe msikitini, nikaiweka ukutani, kumaliza haipo. Niliona haya kutangaza kwamba nimepoteza kofia ya mjomba, nikamwambia mke wangu tu. Siku nne baadaye ghala la korosho likavunjwa bati, mlinzi akapigwa rungu la kisogo, na asubuhi kofia ikaokotwa chini ya bati lile, ina damu.

Sikuulizwa kitu. Walionipiga nawataja, majina tu ndiyo nayaacha: fundi baiskeli wa njia panda alinishika mikono, muuza samaki wa Ziwani alileta fimbo, na kaka yangu wa lile koti alisimama pembeni, kitambaa kafunga kipajini, anawakumbusha watu kwamba kofia ya marehemu haiazimwi. Nilitoka na mapengo mawili na bega ambalo mpaka leo mvua ikija linajua kabla yangu. Mlinzi alikuwa hospitali hajitambui. Akifa, mimi muuaji.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa maabara ya serikali, alikuja na polisi. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini alinieleza nikaelewa: kofia ni yangu, sawa, ila damu ina mwenyewe, na mwenyewe huyo wanaweza kumjua kwa vinasaba. Majeraha nilikuwa nayo tele, nani angejua kwa macho kwamba damu ile si yangu? Akanipangusa shavu kwa ndani na kijiti cha pamba, akakiacha kikauke, akakitia kwenye bahasha ya karatasi. Halafu, aliposikia kofia ilivyopotea na mgao ulivyoleta kinyongo, akataka na wapwa wengine wapimwe.

Kaka yangu alikuja wa kwanza, kifua mbele. Kumbe alishapita kwa mganga, akapewa dawa ya kusukutua eti inafuta kinywa. Ulimi ulikuwa mweusi kama tako la sufuria. Yule mama akamtazama.

"Baba, umekula nini?"

"Nimesafisha kinywa, mama. Nyinyi wageni wetu."

"Ahsante. Sasa kasukutue na maji, ukae kidogo, urudi. Shavu halijabadilika, bado ni lako."

Watu waliokaa barazani walicheka, na mimi nikacheka na mapengo yangu, huku bega linaniuma. Yeye hakuwa na pa kukimbilia. Wote walikuwa wanamtazama anavyosukutua.

Majibu yalikawia miezi, nami kila wiki naripoti kituoni. Mlinzi alipona, Mungu ni mwema. Halafu ikaja karatasi: damu si yangu, ni ya mwenye koti. Bati lilimkata kipaji alipokuwa anaingia, na kofia, aliyoniibia msikitini, aliivaa makusudi aje aniachie kesi. Yuko gerezani sasa.

Siku hizi fundi baiskeli ananizibia pancha bure. Sijamsamehe, lakini matairi yangu yana upepo. Muuza samaki huniletea changu mkubwa kuliko wote. Nakula samaki, kinyongo nakibakiza.

Kesi ilipokwisha nikarudishiwa kofia. Mbele ina tundu la mraba, pale walipokata kitambaa chenye damu wakakipime. Mke wangu akaleta sindano na uzi wa kijani.

"Acha, mama watoto," nikamwambia. "Hilo tundu ndilo linalosema sikuwamo."

Ijumaa nawahi msikitini. Nikitawadha, kofia anaishika yule mlinzi wa ghala. Kisha naivaa kinyume, tundu likae kisogoni, nakaa safu ya mbele. Fundi baiskeli huswali nyuma yangu.