Mama Timazi na Ofisi ya Dobi

Siku ya kwanza alipokutana na Mama Timazi, msimamizi wa ujenzi, amjengee jengo la kufulia, dobi alimshusha bei mpaka mafundi waliosimama pembeni wakaona haya. Mama huyo hakubisha. Alikizunguka kiwanja, akauliza maji machafu yatatokea upande gani, kisha akakubali ujira ule kwa sharti moja: kazi ikishaanza, mafundi wamsikilize yeye peke yake. Dobi akampa mkono upesi, akicheka kimoyomoyo. Sharti la bure hilo.

Haraka alikuwa nayo. Hospitali ilimwahidi mashuka yake yote, mradi mashine ziwe zinazunguka kabla ya mwezi kwisha. Akichelewa, yanakwenda kwa mwenzake wa ng'ambo ya barabara.

Mama Timazi aliingia ujenzini kwa kuwachotea waashi maji, baadaye akashika mwiko. Jina alilipata siku alipotundika timazi, uzi wenye kizito wa kupimia wima, kwenye ukuta wake mwenyewe, akauona umepinda upana wa kidole, akaubomoa. Sasa akiwa msimamizi, kila asubuhi aliwakusanya mafundi kwenye rundo la mchanga, na kila mmoja aseme anamsubiri nani amalize ndipo yeye aendelee. Fundi bomba akimtaja mwashi, mwashi ajibu palepale, macho kwa macho. Visingizio vilikufa kabla ya chai.

Kuta zilipofika kwenye madirisha, dobi akaota ofisi: chumba cha juu chenye kioo, awaone wafanyakazi bila wao kumwona.

"Inawezekana," Mama Timazi akamwambia. "Utatoa nini?"

"Nitoe nini tena, mama? Nyumba si yangu?"

"Nyumba yako, siku si zako. Ukitaka ofisi, mashuka yasahau. Mshika mbili, baba, unajua mwenyewe. Chagua, mimi nitajenga."

Dobi akatafuta mlango wa nyuma. Akamvuta kando seremala, mtu mwenye tamaa kuliko wote pale, akamdokezea kazi ya milango nyumbani kwake. Seremala akakuna kidevu.

"Bosi, nikikuwekea ngazi ya hiyo ofisi leo, kesho pale mchangani nitawaambia nini wenzangu?"

Dobi, mtu ambaye hajawahi kununua hata sindano bila kubishana akajiona amefungiwa pande zote. Akarudi kwa Mama Timazi, akasema ofisi basi, ameiacha. Mama Timazi hakuonyesha ushindi. Aliagiza mtaro uendelee kuchimbwa.

Mashuka ya hospitali yaliingia mashineni plasta ya nje ikiwa bado mbichi. Dobi akabaki kusimamia biashara yake mlangoni, juu ya gunia la sabuni, na kila aliyesifu jengo alitajiwa Mama Timazi kwa majigambo, kana kwamba dobi ndiye aliyemvumbua.

Mwaka uliofuata akamwita kwa jengo la pili. Bei aliyotajiwa ilimwinua kwenye gunia. Akabisha tangu asubuhi hadi jua la utosi. Mama Timazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kwamba wateja watatu wanamngoja, na wote wametumwa na yeye dobi.

Bei haikushuka hata shilingi. Akalipa.