Pamba Ndani ya Chupa

Barua ile niliiandika mimi, ila hoja yake kuu haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja wa Chundwa, kijiji cha kisiwa cha ng'ambo, niliyezoeana naye kwenye benchi la kliniki ya Amu, sote wawili tukimeza vidonge vya kufubaza virusi. Kwao alisema anakwenda kwa daktari wa meno. "Miaka sita nang'olewa," aliniambia, "mawifi sasa wanihesabu kinywa."

Nyumba alimoolewa imejaa watu, na vidonge vikitikisika chupani hulia. Alishindilia pamba mpaka chupa ikanyamaza. Wageni wakizidi, alipitisha siku bila kumeza, kwa kukosa pa kuifungulia. Tuliposikia kwamba ipo sindano ya kila miezi miwili, isiyohitaji kufichwa nyumbani, wagonjwa walinichagua niwaandikie wakubwa wa afya. Nilimwomba ruhusa nieleze habari yake.

"Andika, Mwalimu. Jina langu usilitaje. Pamba itaje."

Sindano ikaja. Afisa aliyeileta alikiri kwamba ile pamba ndiyo iliyowagusa. Kisha muuguzi akasoma majina ya watakaoanza, yote ya wakaazi wa mjini Amu, langu likiwemo. La mama wa Chundwa halikuwemo. Katika faili lake liliandikwa neno moja: mtoro. Mara mbili alichelewa miadi, kwa kuwa boti ya kwao haipiti mkondo wa Manda maji yakitoka, na sindano hii, tuliambiwa, haitaki kuchelewa.

"Kwetu saa ni maji, bwana muuguzi," alisema. "Ndia ikikauka, nipite wapi?"

"Mama, mimi nafuata orodha."

Ilinipasa kusimama niseme kwamba siingii kabla ya mwenye hoja. Nimefundisha watoto wa watu maana ya amana tangu ujana wangu, na neno khiyana nililiweka kwa ajili ya kuwahukumia wengine. Nilipoitwa, niliingia.

Nilipotoka nilimkuta palepale benchini, chupa mpya ya vidonge mapajani. Mkononi nilikuwa bado na pamba niliyopewa ya kuzuia damu.

"Ile barua waliisoma yote?"

"Waliisoma."

Aliutazama mkono wangu. "Basi hiyo usiitupe, Mwalimu. Yangu imechakaa."

Hakucheka, nami sikuifungua ngumi.